Bambo na Mizani

Msafiri atokaye Dar es Salaam kwenda Mbeya hupita Ipogolo akiwa amechoka, na aghalabu huwa amelala. Asiyelala huona malori yaliyoegeshwa mfululizo, matenga ya nyanya na vitunguu kando ya njia, Mto Ruaha Mdogo ukipita taratibu, na juu ya hayo yote mlima ambao barabara ya kuingia mjini huupanda kwa kujipinda. Iringa yenyewe iko huko juu, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Sisi wa Ipogolo tuko chini, penye vumbi la malori na biashara za wapita njia. Mimi ni mzaliwa wa Pemba. Nililetwa huku na ualimu wa hisabati, nikabakishwa na ndoa, na miaka imepita hata wenyeji wakinisalimu "kamwene" huitika bila kukumbuka kwamba niliwahi kuwa mgeni.

Ndugu zangu wa visiwani wameniomba mara kadhaa niwaandikie juu ya baridi ya huku, ukungu wa Julai na watu wa milimani. Hayo nitayaandika siku nyingine, Mungu akipenda. Leo naandika juu ya karatasi moja niliyoitia sahihi, na juu ya binti aliyeumizwa na karatasi hiyo.

Karibu na barabara kuu kipo chama kidogo cha kuweka na kukopa. Wanachama wake ni mama lishe, wauza nyanya, vijana wa bodaboda, mafundi wa magurudumu na walimu wachache. Kwa miaka mingi hesabu za chama ziliandikwa kwa mkono katika madaftari makubwa. Mwaka 2016 kamati iliamua kununua programu ya kompyuta, na kabla ya kumaliza malipo ikanitaka mimi, mwalimu wa hisabati na mtu aliyejulikana kwa kuchezea kompyuta usiku, niijaribu. Niliijaribu alasiri moja. Nilimbuni mwanachama, nikamwekea shilingi 10,000, nikamtolea 5,000, nikampa mkopo wa 100,000 na kuurejesha kwa mafungu kumi yaliyo sawa. Kila jibu lilikuwa sahihi. Nikaandika kwamba programu ni nzima, nikatia sahihi, nikanywa chai ya mwenyekiti, nikaenda zangu nyumbani.

Mwaka 2018 keshia wa chama alipatikana na upungufu. Alikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, mwenye mtoto mmoja, mtaratibu, mwenye mwandiko mzuri kuliko wangu. Mara ya kwanza aliambiwa ahesabu tena. Mara ya pili alikatwa mshahara. Mara ya tatu aliambiwa akae nyumbani kwanza, na mama yake mzazi akauza ng'ombe wao wa maziwa ili kulipa, maana jina la familia ni zito kuliko ng'ombe. Binti alipojitetea kwamba huenda mashine ndiyo iliyokosea, mjumbe mmoja wa kamati alifungua faili, akaitoa karatasi yangu, akaisoma kwa sauti. "Mwalimu aliijaribu," akasema, na mjadala ukaisha.

Nilipoambiwa habari hiyo sikulala. Ndani ya nafsi yangu nilikwishajua, kwa sababu isiyohusiana na fedha hata kidogo, kwamba majaribio ya namna ile hayana thamani. Sababu hiyo ilikuwa ushairi.

Baina ya miaka ile miwili nilikuwa nimejitungia programu ndogo ya kuhesabu mizani. Msomaji wa kurasa hizi hahitaji kufundishwa kwamba mshororo wa tarbia hupendelea mizani 16, nane za ukwapi na nane za utao, wala kwamba utenzi hutosheka na nane tu. Sheikh Kaluta Amri Abedi aliyaweka haya katika kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi kilichotoka mwaka 1954, na waliomtangulia waliyaweka masikioni mwao bila kitabu. Nilitaka mashine ifanye kazi ya sikio. Niliipa kanuni mbili. Ya kwanza: kila irabu ni mizani moja. Ya pili: herufi "m" ikifuatwa na konsonanti isiyokuwa "b" wala "v", nayo ihesabiwe mizani, kwa maana "mtu" ni m-tu na "mlango" ni m-la-ngo, lakini "mbuzi" ni mbu-zi na "mvua" ni mvu-a.

Nikaijaribu kwa beti nilizozitunga mwenyewe. Ikapata zote. Nikaijaribu kwa beti ninazozipenda za watu wengine, ikapata karibu zote, na zile ilizokosa nikadhani wamekosea wapiga chapa. Fikiria kiburi hicho! Nilifurahi mwezi mzima.

Kisha usiku mmoja, kwa upuuzi tu, nikaiagiza mashine ichukue maneno kutoka orodha ndefu ya msamiati bila kuchagua, iyapange kwa nasibu, inionyeshe kila neno na idadi ya mizani yake. Mashairi yaliyotokea hayakuwa na maana yoyote. Ila mstari wa tatu ulikuwa na neno "mbwa", na mashine ilidai kwamba mbwa ana mizani moja. Chini yake "nchi" nayo ikapewa moja. Nikaendelea kushuka, na nilipofika kwenye "mvuvi" nikasimama. Mashine ilimpa mizani mbili. Mimi, mtoto wa Pemba, niliyelelewa kwa samaki wa wavuvi, nilikuwa nimetunga mashine inayompunja mvuvi mizani yake, kwa kuwa mvuvi ni m-vu-vi, na hakuna sikio la pwani litakalokubali vinginevyo. Lililonivunja kabisa lilikuwa "mbaya". Ukisema "nyumba mbaya", mbaya ni mizani mbili. Ukisema "mtu mbaya", mbaya huwa tatu, kwa kuwa "m" ile ni ya mtu na husimama peke yake. Herufi ni zilezile. Kanuni yangu haikuwa na njia ya kulijua hilo, na mimi niliyelijua tangu utotoni sikulikumbuka.

Nilijiuliza kwa nini beti zangu mwenyewe hazikuyafichua makosa haya. Jibu lilikuwa rahisi na la aibu. Nilichagua mifano kwa akili ileile iliyotunga kanuni. Palipokuwa na giza katika kanuni, palikuwa na giza katika mifano pia. Mtu anayejitungia mtihani mwenyewe hawezi kujiuliza swali asilolijua. Nasibu haina akili, na kwa sababu haina akili haina upofu wetu. Inakwenda kokote.

Hapo nikamkumbuka marehemu babangu. Alikuwa na duka Wete, na magunia ya mchele yalipoletwa hakuna gunia alilolipokea kwa kutazama mdomo wake. Alikuwa na bambo, kile chuma chenye ncha na mfereji, akilichoma gunia ubavuni, chini, katikati, popote mkono ulipoangukia, na kuzichomoa punje za ndani kabisa. Muuzaji hodari huweka mchele mweupe juu. "Mwanangu," aliniambia mara moja, "anayekuonyesha pa kuchoma, usichome hapo." Kumbe alasiri ile ya mwaka 2016 nilikuwa nimefungua mdomo wa gunia, nikatazama punje za juu nilizoziweka mwenyewe, nikatia sahihi kwamba gunia zima ni safi.

Watu wa fani hii walikwishalijua jambo hili zamani. Mwaka 1988, Barton Miller, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Wisconsin huko Madison, Marekani, alikuwa nyumbani kwake usiku wa dhoruba akifanya kazi na kompyuta ya chuo kwa njia ya waya wa simu. Mvua na radi zilitia kelele katika waya, na kelele ikageuka herufi za ovyo zilizochanganyika na maandishi yake. Herufi zile ziliangusha programu alizokuwa akizitumia. Mtu mwingine angelaani mvua. Yeye alishangaa ni vipi programu zinazotumiwa na watu kila siku ziangushwe na herufi chache za ovyo, akawapa wanafunzi wake kazi ya kuzirushia programu nyingi zaidi herufi za nasibu kwa makusudi. Matokeo yalichapishwa mwaka 1990: katika kila namna ya mfumo wa Unix waliyoijaribu, baina ya robo na thuluthi ya programu zilianguka au kukwama. Miaka kumi baadaye, mwaka 2000, Koen Claessen na John Hughes wa Göteborg, Sweden, walichapisha chombo walichokiita QuickCheck. Hicho humwacha mtungaji aseme tu sifa ambayo lazima iwe kweli daima, kisha chenyewe hutafuta kwa nasibu mfano wa kuivunja.

Sifa hiyo ndiyo roho ya kazi yote. Nasibu peke yake ni kelele. Lazima awepo mwamuzi. Katika mizani mwamuzi ni sikio. Katika chama cha kuweka na kukopa mwamuzi ni kanuni ambayo muuza nyanya yeyote anaijua: zilizoingia, ukitoa zilizotoka, ndizo zilizobaki. Haijalishi ni nani aliyeweka, wala kiasi gani, wala kwa mpangilio upi. Kanuni hiyo ikivunjika mara moja tu, mashine imekosea.

Nilimwendea mwenyekiti, mzee wa Kihehe mpole asiyependa maneno mengi. Nilimsalimu, nikamweleza kwamba karatasi yangu haikustahili kuaminiwa, nikaomba kompyuta ya akiba yenye nakala ya programu ile. Alinitazama kitambo. "Mwalimu," akasema, "unataka kuthibitisha kwamba binti hakuiba, au unataka kujisafisha wewe?" Nilimjibu kwamba sijui, huenda yote mawili. Akanipa ufunguo.

Sikuwa na njia ya kuiamuru programu ile ijilishe yenyewe, hivyo nilirudi kwenye vyombo vya kale. Nilichukua vikombe vitatu vya bati. Katika cha kwanza nilitia vikaratasi vya namba za wanachama kumi na wawili wa kubuni. Katika cha pili nilitia viasi vya fedha: elfu kumi na elfu ishirini, lakini pia shilingi moja, 7,350, na laki tisa na ushei. Katika cha tatu nilitia vitendo: kuweka, kutoa, kulipa mkopo, kufuta. Binti yangu, aliyekuwa kidato cha pili, alitikisa na kuchomoa. Mimi niliandika katika daftari kwa mpangilio uleule, kisha nikaingiza katika mashine. Kuandika mpangilio ni sharti, kwani bahati isiyoandikwa hairudiwi, na kosa lisilorudiwa halithibitishwi. Vitendo 40 tuliviita siku moja. Mwisho wa kila siku tulilinganisha jumla ya droo iliyodaiwa na mashine na jumla yetu ya kikokotoo.

Mwanzoni niliweka vikaratasi kwa uwiano wa madaftari ya zamani, yaani kuweka kwingi, kutoa kwa wastani, kufuta mara chache sana. Ni njia ya haki, na wenye fani huisifu: Harlan Mills wa IBM na wenzake walifundisha katika miaka ya 1980 kwamba programu ijaribiwe kwa sampuli inayofanana na matumizi ya kweli, ili takwimu za majaribio ziseme jambo la kweli juu ya kesho. Lakini usiku wa kwanza ulipita bila kosa, na wa pili pia, nikatambua kwamba kufuta hakukutokea ila mara mbili. Makosa hupenda kujificha pale watu wasipopita sana. Nikaongeza vikaratasi vya kufuta, nikijua kwamba sasa simuulizi tena bambo gunia lina uchafu kiasi gani. Namuuliza tu kama uchafu upo.

Usiku wa tatu, siku yetu ya kubuni ya tisa, jumla zilitofautiana. Tulihesabu tena mara tatu. Mashine ilidai droo iwe na fedha zaidi ya zilizoingia.

Hatua iliyofuata ilinikumbusha kazi ya kupunguza shairi. Tulikuwa na vitendo 40 na kosa moja, na hatukujua ni vipi kati yao vilivyohusika. Tukafuta nusu ya vitendo na kurudia, kosa likabaki. Tukafuta nusu ya vilivyobaki, kosa likatoweka, tukavirudisha na kufuta vingine. Tuliendelea hivyo mpaka usiku wa manane, tukitoa kila neno lisilobeba maana, hata vikabaki vitendo vitatu tu. Mwanachama wa kwanza anaweka. Mwanachama wa pili anaweka kiasi kingine. Keshia anarudi na kufuta kitendo cha yule wa kwanza. Basi.

Niueleze ugonjwa wenyewe kwa mfano. Mama mmoja analeta shilingi 7,000. Keshia anagusa sifuri moja zaidi, anaandika 70,000. Kabla hajaliona kosa, kijana wa bodaboda anaweka 20,000. Sasa keshia analiona, anafuta ile 70,000, anaandika 7,000. Katika kitabu cha mama yule mashine ilitoa 70,000, na ilikuwa sawa. Lakini katika jumla ya droo ilitoa kiasi cha kitendo cha mwisho, yaani 20,000 za kijana. Droo yenye shilingi 27,000 ikadaiwa iwe na 77,000, na keshia akawa ana upungufu wa 50,000 ambazo hakuziona kwa macho. Angelifuta papo hapo, kabla ya kijana kuja, kitendo cha mwisho kingekuwa chenyewe na hesabu ingetimia. Ndiyo maana waliotengeneza programu, ambao sitawataja, hawakuliona: anayejaribu kufuta hufuta papo hapo. Na mimi sikujaribu kufuta kabisa.

Alasiri yangu ya mwaka 2016 ilikuwa na vitendo kumi na vitatu. Tuseme kosa hujitokeza mara 1 katika vitendo 1,000. Hata kama vitendo vyangu vingechaguliwa kwa nasibu, nafasi ya kuliona ingekuwa kidogo zaidi ya 1 katika 100. Ili mtu awe na nafasi 95 katika 100 za kuliona kosa la namna hiyo, anahitaji vitendo kama 3,000. Hii ni kanuni nyepesi ambayo wanatakwimu huitumia: ukijaribu mara kadhaa kwa nasibu bila kuona kosa hata moja, gawanya tatu kwa idadi ya majaribio, unaweza kusema, kwa uhakika wa 95 katika 100, kwamba kosa halizidi kiwango hicho. Majaribio kumi na matatu hayana la kusema. Anayeyatolea cheti anatoa cheti cha usingizi wake mwenyewe.

Baadaye nilisoma habari za Uingereza, nikaona kwamba msiba wa Ipogolo ulikuwa kivuli kidogo cha msiba mkubwa. Posta ya huko ilianza kutumia mfumo wa hesabu ulioitwa Horizon mwaka 1999. Baina ya mwaka huo na 2015 watu zaidi ya 900, wengi wao wenye vijiduka vya posta, walitiwa hatiani kwa wizi na udanganyifu kwa sababu mashine ilionyesha upungufu. Wako waliofungwa, waliofilisika na waliojiua. Mwaka huohuo wa 1999 Bunge la huko lilifuta kifungu kilichomtaka anayeleta ushahidi wa kompyuta aonyeshe kwanza kwamba ilikuwa ikifanya kazi sawasawa. Tangu hapo mashine ikadhaniwa mkweli mpaka mtuhumiwa athibitishe vingine. Desemba 2019 Mahakama Kuu ilitamka kwamba mfumo ulikuwa na hitilafu, na mwaka 2024 Bunge likapitisha sheria ya kufuta hukumu zile kwa jumla. Niliposoma nilimfikiria ng'ombe wa maziwa.

Nirejee kwenye kamati. Nilikwenda na daftari langu na vikombe vyangu vya bati. Mwenyekiti alisema, "Mwalimu, tueleze kwa maneno ya sokoni." Niliwaingizia vitendo vile vitatu mbele ya macho yao, wakaona droo ikidaiwa fedha zisizokuwepo. Kisha tulifungua kumbukumbu za siku zenye upungufu. Siku ya kwanza, palikuwa na kufuta kuliko chelewa, na tofauti ililingana na upungufu hadi shilingi ya mwisho. Siku ya pili, vivyo hivyo. Siku ya tatu hapakuwa na kufuta kokote.

Kimya kikatanda. Yule mjumbe aliyeisoma karatasi yangu akauliza, "Na hii ya tatu, Mwalimu?"

Nilitamani sana kusema uongo. Nilikuwa nimekuja kumwokoa binti, na nusu saa kabla ya hapo nilijiona shujaa. Lakini nilikwishasema zaidi ya nilichokijua mara moja, na ndiyo iliyotufikisha pale. Nikajibu kwamba ya tatu siijui. Huenda lipo kosa jingine ambalo bambo halijaligusa. Huenda alikosea kurudisha chenji. Huenda alichukua. Majaribio yangu yanaonyesha kwamba kosa lipo. Hayawezi kuonyesha kwamba makosa yameisha, wala hayawezi kuingia katika moyo wa mtu.

Hapo mama mmoja muuza vitunguu, mjumbe ambaye huzungumza kwa nadra, aliuliza kama mashine ile ikikosea hupunguza tu au pia huzidisha. Nikasema kwamba ikiwa kiasi kilichofutwa ni kidogo kuliko kilichofuata, droo itaonekana na ziada. Mama akamgeukia mweka hazina. "Zile bahasha," akasema. Mweka hazina akainamisha kichwa. Kumbe mara nne katika miaka ile keshia alikuta ziada, na mara zote nne aliitia katika bahasha, akaandika tarehe, akaikabidhi. Zilikuwa katika sanduku la chama. Hakuna aliyezikumbuka siku ya kumhukumu, kwa sababu ziada haimkasirishi mtu.

Mwenyekiti alifunga kikao kwa maneno machache. Alisema kwamba shahidi aliyethibitika kusema uongo mara mbili hawezi kuletwa mara ya tatu akaaminiwa, hata kama safari hii asema kweli. Na kwamba mwizi harudishi bahasha nne. Chama kikarudisha fedha zote, zikiwemo za siku ya tatu. Ng'ombe alikuwa kwishauzwa. Alinunuliwa mwingine, na mama yake binti alisema kwamba maziwa ya huyu hayafanani.

Programu ilirekebishwa. Fundi aliyeirekebisha aliniwekea njia ya kuilisha orodha ya vitendo bila kugusa vibonye, na mimi nikatunga mashine ndogo ya kuchomoa vikaratasi badala ya binti yangu. Niliilisha siku 3,000 za nasibu. Hapakutokea kosa. Kwa kanuni ile ya tatu, naweza kusema kwa uhakika wa 95 katika 100 kwamba kosa halitokei zaidi ya mara moja kwa siku 1,000, yaani zaidi ya miaka mitatu ya kazi, na hayo ni kama tu siku zangu za kubuni zinafanana na siku za kweli za Ipogolo. Sharti hilo la mwisho ni zito kuliko hesabu yote.

Kalenga si mbali na hapa, na katika jumba la kumbukumbu limewekwa fuvu la Mtwa Mkwawa. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 uliamuru lirudishwe. Ilipofika miaka ya 1950, Gavana Twining alikwenda katika jumba la makumbusho la Bremen, Ujerumani, akakuta mafuvu 2,000, na kati ya hayo 84 ya Afrika Mashariki ya Kijerumani. Alichuja kwa vipimo vilivyokaribiana na vya jamaa za Mkwawa waliokuwa hai, kisha katika yaliyobaki akachagua lile moja lenye tundu la risasi. Lilirudishwa mwaka 1954. Kila niendapo pale na wanafunzi nasimama mbele ya kioo nikiwaza kwamba nayo ilikuwa kazi ya sampuli na uwezekano. Vipimo vilileta watu karibu na ukweli, na sehemu iliyobaki watu waliijaza kwa heshima. Sioni aibu katika hilo. Aibu ni kusahau ni sehemu ipi iliyopimwa na ni ipi iliyojazwa.

Kwa hiyo karatasi ya pili niliyoitia sahihi ilikuwa ndefu kuliko ya kwanza. Iliandika idadi ya siku zilizojaribiwa, namna vikaratasi vilivyochaguliwa, kanuni iliyotumika kuamua, na sentensi hii: kwamba sikuona kosa, na kwamba kutoliona hakumaanishi halimo. Mjumbe yuleyule alilalamika kwamba cheti kisichothibitisha ni cheti gani. Mwenyekiti alikipokea, akakitia katika faili juu ya kile cha kwanza. Nilipoomba cha kwanza kichanwe, alikataa. "Kikae," akasema, "wajao wajifunze."

Mashine yangu ya mizani bado naitengeneza. Mvuvi amerudishiwa mizani yake tatu, mbwa na nchi wana mbili mbili, na kwa neno "mbaya" nimeiagiza iseme "sijui" na kumwachia msomaji. Ni jibu ninalolipenda kuliko mengine yote inayotoa.

Ama keshia, alikaa nyumbani miezi mitatu baada ya kusafishwa jina. Kisha alikuja kwangu jioni moja, akanipa shikamoo, akakaa mwisho wa benchi. Alisema atarudi kazini kwa sharti moja. Jumatatu ya kwanza ya kila mwezi, kabla ya kufungua dirisha, apewe vikombe vitatu vya bati na muda wa saa moja, aijaribu mashine yeye mwenyewe. Nikamwambia kwamba kompyuta inaweza kuchomoa vikaratasi kwa haraka zaidi, na kwa nasibu iliyo bora kuliko mkono wa mtu.

"Najua, Mwalimu," akasema. "Lakini safari hii nataka kuchoma mimi."

Vikombe nilimpa usiku uleule.